Ufunguo wa Pili

Kaka yangu hamwamini mtu. Naanza na hilo ili msije mkasema nilimficha. Hamwamini muuza mkaa, hamwamini daktari, hamwamini yule anayetangaza hali ya hewa redioni, na mimi dada yake wa tumbo moja ananiamini kwa zamu: leo ndiyo, kesho tutaona. Mtaa mzima unamwita Komeo, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Ni fundi wa kufuli. Kibanda chake ni chembamba kiasi kwamba akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Ndani mna meza ya kazi yenye jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kuchongea funguo, na misumari ukutani iliyobeba funguo ambazo bado hazijachongwa. Mimi nauza nyuzi, vifungo na vichupa vya mafuta ya cherehani kibanda cha pili. Tumetenganishwa na bati moja lenye matundu, kwa hiyo kila analonung'unika nalisikia na kila ninachouza anakijua. Kwa miaka mingi chupa yangu moja ya mafuta, ile niliyoifungua kwa matumizi yangu, ilikuwa ikipungua bila maelezo. Nilimshuku yeye. Aliapa kwa Mungu kwamba si yeye, nami nikaendelea kumshuku, maana tabia hiyo inaambukiza.

Watu humcheka, lakini hawajui kazi ile inamwonyesha nini. Nyumba ikiibiwa huitwa polisi, halafu anaitwa yeye aje abadilishe kitasa. Anafika nguo zikiwa bado zimetapakaa sakafuni na mwenye nyumba ameshika tama. Anachungulia tundu la ufunguo, anapapasa fremu, kisha anasema taratibu, "Mlango huu haukuvunjwa. Umefunguliwa." Maana yake mwizi yumo humo humo, na pengine ndiye aliyemletea fundi maji ya kunywa. Ameshaona shemeji, ameshaona mpwa, safari moja alikuwa bwana harusi mtarajiwa. Na akishamaliza kazi, wenye nyumba humsindikiza hadi barabarani macho yakiwa kwenye mkoba wake, kwa sababu mtu anayeweza kufungua mlango wowote ndiye anayeangaliwa kwanza kitu kikipotea. Hilo linamuuma na hajawahi kulizoea.

Ndiyo maana hatembei na vifaa vyake hata hatua moja kama hajaitwa na mwenye mlango. Na ndiyo maana alikata shauri kwamba ufundi huo atakufa nao. Vijana walikuja kuomba awafundishe, akawatimua mmoja baada ya mwingine.

"Nikimfundisha mtu kazi hii nimemfundisha kushukiwa," aliniambia. "Mzigo huo nimeubeba peke yangu, unanitosha."

Vituko hasa viko nyumbani kwake. Redio iko chini ya kufuli. Kiberiti kiko chini ya kufuli. Wifi yangu akitaka sukari anapeleka maombi. Vyote vimo ndani ya kabati la mbao lililoko sebuleni, lenye kitasa alichokitengeneza kaka kwa mkono wake, na kitasa hicho ndicho fahari ya maisha yake. Mgeni hajakaa vizuri, keshaonyeshwa.

"Hiki hakijawahi kukwama tangu nikifunge," humwambia. "Wala sijawahi kukipaka hata tone la mafuta. Kazi ikiwa safi haitaki mafuta."

Basi mtu wa namna hiyo, Mungu naye ana utani wake, alipewa mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo anamwamini kila aliyevaa viatu. Tulimpachika jina Chiriku kwa sababu hakunyamaza tangu alipojua kuongea. Utotoni alishinda chini ya meza ya kazi ya baba yake akichambua zile pini ndogo zinazokaa ndani ya vitasa, ambazo kaka huzipaka rangi kulingana na urefu. Alizipanga kwenye vikopo, nyekundu huku, kijani huku, na zile zilizochongwa kiuno, nyembamba katikati, kwenye kikopo chao peke yao. Sote tulimwona ni mtoto anayecheza.

Alipofika chuoni, mwaka wa pili, alikuja nyumbani anahema kwa furaha. Chuo chao kilikuwa na mpango wa kuwasaidia wanafunzi wanaotaka kuanzisha biashara huku wakiendelea na masomo. Ukichaguliwa unapewa chumba kwenye jengo la karakana za zamani, unapewa vifaa vya kuanzia, unapangiwa mlezi wa kukuelekeza, na walimu wanakusogezea vipindi ili wateja wasikufelishe. Mwisho wa muda wa majaribio inakuja kamati kukukagua. Ikiridhika, chumba ni chako mpaka uhitimu. Isiporidhika, unakusanya vyako, anaingia mwingine.

Chiriku alikuwa amechaguliwa. Wazo lake lilikuwa makoti meupe ya maabara. Bila koti huingii maabara, na wanafunzi wengi hawana, au wanalo moja lililochafuka dawa mpaka limeliwa mikono. Yeye angeyashona, angeyafua, angeyapiga pasi, na kuyakodisha kwa siku ya kipindi.

"Wanakupa chumba," kaka alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na mashine ya kufulia."

"Ndiyo, baba. Na pasi."

"Wao wanataka nini?"

"Hawataki kitu, baba. Wanataka nifanikiwe."

Kaka alinigeukia polepole. "Umesikia, dada? Wanataka afanikiwe."

Wifi yangu alimwambia ampongeze mtoto kwanza, mengine baadaye. Akampongeza, lakini kwa sauti ya mtu anayesaini karatasi asiyoisoma.

Wiki ile ile tulikwenda kuona, mimi na yeye. Jengo lilikuwa refu, la ghorofa moja, lina ukumbi mwembamba katikati na milango ya chuma kila upande. Chumba cha Chiriku kilikuwa cha mwisho, kina dirisha la juu lenye nondo, sinki la zege na bomba. Chumba cha jirani wasichana wawili walikuwa wanatengeneza sabuni za vipande. Kaka aliutazama mlango wao, akausukuma kwa kidole, ukafunguka wenyewe. Nilijua ameandika kichwani.

Mlezi alitupokea. Alikuwa bwana wa makamo, amevaa shati lililonyooshwa, na alitabasamu alipotuona, akatabasamu alipotukaribisha, akaendelea kutabasamu hata alipokuwa anasikiliza. Kabla hatujaondoka kaka alikuwa ameshambatiza Bwana Tabasamu.

"Nakala moja ya ufunguo hubaki ofisini," alisema Bwana Tabasamu.

"Ya nini?"

"Ya dharura, mzee wangu. Moto, maji, au mwanafunzi akipoteza wake."

"Na asipopoteza?"

"Basi unakaa tu kwenye droo."

Kaka aliuliza droo ina kufuli. Bwana Tabasamu akatabasamu. Akauliza nani mwingine anaingia ofisini. Bwana Tabasamu akataja watu watano hivi, bila hofu, na kila alipotaja mmoja niliona taya la kaka linakaza. Mwishowe kaka aliomba afunge kitasa chake mwenyewe, kwa gharama yake, na nakala ya ofisi ataileta yeye. Bwana yule alikubali mara moja. Hilo nalo kaka akaliona ni la kutilia shaka, kukubali haraka hivyo.

Akafunga kitasa kinachojifunga chenyewe mlango ukirudi, kwa sababu hamwamini binadamu kukumbuka kufunga. Ndani yake aliweka pini moja aliyoichonga kiuno, ambayo humdanganya mwizi adhani amefanikiwa kumbe bado. Funguo alizichonga kibandani, nami nikachungulia kwenye tundu la bati. Wa kwanza ulikuwa wa Chiriku, akautia kamba auvae shingoni. Wa pili ulikuwa wake, wa kwenda kabatini, maana anasema ufunguo hauzururi mifukoni. Wa tatu alipofika kwenye jino la mwisho, akapitisha tupa mara moja zaidi. Akaupuliza vumbi, akautazama, akatabasamu yeye sasa.

"Huo vipi?" nikamuuliza.

"Huu unaingia," alisema, "ila haugeuki. Ni wa ofisi."

"Na dharura ikitokea?"

"Dharura yangu mimi ni yule mwanangu."

Nikamwambia iko siku atajuta. Akaniambia niuze vifungo.

Biashara ya makoti ilipamba moto. Chiriku alitia uzi wa rangi kwenye kola ya kila koti: nyekundu kwa wadogo, kijani kwa wa kati, buluu kwa wale wenye mabega. Mteja anaingia, yeye anamtazama mara moja na kunyoosha mkono panapostahili. Alikuwa anaimba na kuongea muda wote, na wanafunzi walimpenda. Mimi nilikuwa natumwa na kaka kwenda kupeleleza, kisingizio kikiwa nampelekea nyuzi. Nilikuwa naketi kwenye kiti cha plastiki pembeni, nakunywa chai yake, nachunguza.

Nami, niseme ukweli, nilianza kuona mambo. Bwana Tabasamu alikuja akapiga picha za makoti, moja moja, hadi kola. Alimuuliza Chiriku nani alimfundisha mpango ule wa rangi, akauliza sabuni gani anatumia, akauliza makoti mangapi yanatoka siku ya vipindi vya asubuhi. Mtu anayekutakia mema anahitaji kujua yote hayo kwa faida gani? Nikampelekea kaka habari zote, na kila habari alipoipokea alitikisa kichwa kana kwamba nimemletea kipande cha kitu alichokuwa anakiunganisha.

"Wanamwacha ajenge," alisema. "Akishamaliza kujenga watamwambia kamati haikuridhika, na wiki inayofuata mtoto wa mmoja wao anakodisha makoti humo humo. Kaa chonjo, dada."

Kisha mizani ya wale wasichana wa sabuni ikapotea. Walikwenda kula, waliporudi haipo. Kaka alipozisikia habari hizo alifurahi kabisa, Mungu amsamehe, akazisimulia mtaa mzima kama mtu aliyeshinda kesi. Chiriku peke yake ndiye aliyekasirika.

"Baba, hao wote ni watu wazuri. Wewe unataka waibe tu ili uwe sahihi."

"Mimi nataka wasikuibie wewe."

"Mpaka leo hawajaniibia hata sindano."

"Kwa sababu ya kitasa," alisema kaka, na kitasa kilikuwepo kweli.

Siku ya kamati wazazi tulialikwa. Kaka alivaa suruali ya sherehe na shati lililonyooshwa mpaka likasimama. Vifaa aliviacha kibandani, maana hawezi kwenda na mkoba wa waya za kufungulia vitasa mahali palipoibiwa mizani. Asubuhi hiyo Chiriku alikuwa na mtihani wa vitendo maabara, halafu akitoka tu ndiyo akaguliwe. Tulifika mapema kwa sababu kaka alitaka kuwahi kabla hawajapanga jambo.

Tulipoingia ukumbini tulimkuta Bwana Tabasamu ameinama mlangoni kwa Chiriku, mikono miwili kwenye kitasa, anaulazimisha ufunguo ugeuke. Jasho linamtoka. Hana hata tabasamu.

"Umeona?" kaka aliniambia, na nawaapia sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepona ugonjwa. "Umeona, dada?" Kisha akapaza sauti. "Wewe bwana. Toa mkono hapo hapo."

Bwana yule aligeuka. "Afadhali umekuja, fundi. Huu ufunguo wako—"

"Ufunguo wangu umefanya kazi niliyoutuma."

Akamshika mkono, na nusura wakunjane. Milango ikafunguka, wanafunzi wakatoa vichwa. Kaka alikuwa anamwambia mbele ya wote kwamba amengoja siku hii tangu aingie jengo hili, kwamba picha zote anazijua, maswali yote anayajua. Bwana yule alikuwa akijaribu kusema neno moja na hapewi nafasi. Mimi ndiye niliyehisi viatu vyangu vimelowa. Nikatazama chini. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa Chiriku na kuenea ukumbi mzima.

"Kaka," nilisema. "Kaka, maji."

Mpira wa mashine ya kufulia ulikuwa umechomoka. Maji ndilo neno ambalo bwana yule alikuwa anajaribu kulisema muda wote. Makoti yalikuwa ndani, mengine kwenye fito, mengine kwenye makapu sakafuni yakingoja kamati, na bomba la kufungia maji lilikuwa humo humo. Kaka alipapasa mifuko bila kupata kitu. Ufunguo wake wa kweli uko kabatini nyumbani, na vifaa vyake viko kibandani. Mtu mmoja alikimbia kumtafuta mlinzi aje na nondo, lakini mlango ulikuwa wa chuma na fremu ya chuma. Kaka akaninyang'anya kibanio kichwani kwangu, akakikunja, akajaribu. Kila alipodhani amepata, ile pini yake ya kiuno ilimrudisha mwanzo. Alikuwa ameitengeneza vizuri mno.

Chiriku, mtihani ukiwa umekwisha, akaja mbio kutoka maabara, koti jeupe mwilini. Nikatazama shingoni kwake, hakuna kamba. Maabara hawaruhusu kitu kinachoning'inia karibu na moto, kwa hiyo aliuvua ufunguo na kuutundika msumarini chumbani alipokuwa anavaa koti. Alikusudia arudi kuuchukua akimaliza kuwagawia wenzake pale mlangoni, lakini mlango ukarudi nyuma yake na kujifunga wenyewe, kama ulivyotengenezwa.

Alichomoa vibanio viwili kwenye nywele zake, akapiga magoti majini, akakunja kimoja kwa meno.

"Sogea kidogo, baba."

Kaka alisogea bila kujua anasogea. Chiriku aliinamisha kichwa, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inataja kitu kimya kimya, nami nilikuwa karibu, nikasikia: nyekundu, kijani, kijani, buluu. Akafika mahali akasita. Akalegeza kidogo, akasubiri, akasukuma tena taratibu. Wakati huo huo nyuma yetu tukasikia viatu, na nilipogeuka niliona wageni wa kamati wamesimama ukumbini, mbele yao mama mmoja mrefu mwenye miwani. Walimkuta mwanafunzi waliyekuja kumkagua yuko magotini na vibanio vya nywele ndani ya kitasa. Kitasa kikagonga, mlango ukafunguka.

Chiriku aliingia, akafunga bomba. Wanafunzi wakamfuata, wakaanza kubeba makapu na kuyatoa nje. Makoti ya chini yalikuwa yamelowa chepechepe, ya juu yalikuwa salama. Hasara yenyewe haikuwa kubwa. Lakini mama wa miwani hakuwa anatazama makoti.

"Nani amekufundisha kufungua milango ya watu?" aliuliza.

Kila mtu alimtazama Chiriku mikononi. Yale macho nayafahamu, ndiyo yale yanayomsindikiza kaka hadi barabarani. Wale wasichana wa sabuni, waliokuwa wanakunywa naye chai kila siku, nao walikuwa wanamtazama hivyo hivyo, na mmoja alinong'ona neno mizani. Roho iliniuma, siwafichi. Chiriku alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutoka neno.

Bwana Tabasamu akainua ufunguo wa ofisi. "Na huu," alisema, "haujawahi kufungua mlango huu. Nadhani tunahitaji maelezo."

Kaka akatoka ukutani alipokuwa ameegemea. Suruali yake ya sherehe ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Huo ni wa uongo," alisema. "Nimeuchonga mimi. Huyu mtoto hajui. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuzeni mimi."

"Baba," Chiriku alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi niliwakabidhi kwa mkono wangu. Nikawaambia ni wenyewe. Umenifanya mwongo."

Kaka aliinamisha kichwa. Alimwelekea mama wa miwani.

"Umeuliza nani amemfundisha. Mimi ni fundi wa kufuli, na sikumfundisha. Sikujua kama anajua. Nimejua sasa hivi, pamoja na ninyi." Akaelekeza kidole kwenye mlango wa jirani. "Ile mizani, mlango ule haufungi. Tazameni wenyewe, ukiupuliza unafunguka. Aliyeiba hakuhitaji kibanio. Na kuhusu huyu, nyumbani kwangu kila kitu kiko chini ya kufuli. Redio, sukari, pesa ya pango. Kufuli zote nimetengeneza mimi, na hakuna hata moja iliyo ngumu kuliko hii aliyofungua sasa hivi."

Nililiona jambo linamwingia akiwa amesimama pale pale, mbele za watu.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo," alisema polepole, "hakukuwa na kitu kilichofungwa. Na hakijapotea hata kijiko."

Mama wa miwani akaenda kuusukuma mlango wa wasichana wa sabuni kwa kidole. Ukafunguka. Wakaingia ofisini, wao kwa wao, na sisi tukabaki nje tukisaidia kuanika makoti kwenye kamba na kwenye vichaka. Chiriku alianika yake mbali na baba yake. Kaka alishika koti moja likichuruzika, akaliangalia uzi wa kijani kolani, akakaa nalo hivyo hivyo bila kulianika mpaka nikamnyang'anya.

Waliporudi, Bwana Tabasamu ndiye aliyesema. Chumba kinabaki cha Chiriku. Kazi yake ya makoti ndiyo waliyoipenda kuliko zote, picha zake zilikuwa zimeshaonyeshwa kwa kamati, na ule mpango wa nyuzi za rangi walitaka aueleze kwa wenzake. Lakini ofisi ipate ufunguo wa kweli leo hii kabla haijafungwa. Usipofika, chumba kinarudi.

"Na safari hii, fundi, nitaujaribu mwenyewe mbele yako," alisema. Hakutabasamu.

"Ujaribu mara mbili," kaka alijibu, na kwa mara ya kwanza nilisikia heshima kwenye sauti yake akizungumza na bwana yule. Mimi mpaka leo simwamini sana, maana mtu hatabasamu kiasi kile bila sababu, lakini hayo ni yangu.

Tulirudi nyumbani kwa haraka. Wifi alikuwa jikoni, akatuona tulivyolowa, akatufuata sebuleni bila kuuliza. Kaka akatoa ufunguo wa kabati kiunoni anapouficha. Akaunyoosha kuelekea tundu, kisha mkono ukasimama hewani.

"Na hiki?" aliuliza, bila kugeuka.

"Na hicho, baba," alisema Chiriku.

"Tangu lini?"

"Tangu shule ya msingi."

"Ulichukua nini?"

"Sikuchukua kitu." Bado alikuwa na hasira, lakini akiulizwa hajui kuficha jambo, hakuumbwa hivyo. "Kilikuwa kimeanza kukwama. Na wewe unawaambia wageni hakijawahi. Nikawa nakipaka mafuta ukienda kazini."

Wifi yangu alikaa chini kwenye kochi. Mimi nilikumbuka chupa yangu, na yote niliyowahi kumwambia kaka kuhusu chupa ile.

"Mafuta gani?" kaka aliuliza.

"Ya cherehani. Ya shangazi."

"Ndiyo yenyewe yanayofaa," alisema.

Akaingiza ufunguo, akaugeuza. Kitasa kilifunguka laini, bila kelele, kama alivyozoea kutusifia. Alichukua ufunguo wa chuo nyuma ya kopo la sukari, akampa Chiriku mkononi, wakatoka mbio wote wawili kuwahi kibandani kuchonga nakala ya ofisi. Kabati waliliacha wazi. Wifi akaliangalia, akaniangalia mimi, akaenda kuchota sukari.